Nyota Tatu za Mama Mkwe

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo imenizoesha jambo moja: mtu hajifunzi akiwa ameaibishwa. Ukimfokea mwanafunzi aliyezima gari katikati ya barabara pale Mkuyuni, kesho atalizima tena. Ukimwambia, "Haya, washa, tuna muda," atafika. Niliamini najua somo hilo lote. Aliyenionyesha kwamba nalijua nusu ni mama mkwe wangu, na alinionyesha kwa mchezo wa kadi wa kwenye simu.

Alikuja kwetu Mkolani mguu ukiwa umevunjika. Alikuwa akianika michembe, vile viazi vitamu tunavyokata vipande na kukausha, juu ya jabali nyuma ya nyumba yake ng'ambo ya ghuba, akateleza. Hospitalini walimtia chuma, na daktari akasema akae karibu na hospitali kwa miezi mitatu, aje kwenye mazoezi kila wiki. Akirudi nyumbani mapema, alisema daktari, atarudi shambani, na akirudi shambani atachechemea maisha yake yote. Mke wangu ndiye binti yake pekee anayeishi mjini. Kwa hiyo mama akaja kwa binti yake, yaani kwangu, na hapo ndipo ugumu ulipoanza.

Kwa sisi tuliolelewa Kisukuma, mama mkwe si mtu wa kukaa naye sebule moja. Hamli sahani moja, humkazii macho, hamtaniani. Unamwamkia kwa mbali, anaitikia, kila mtu anashika njia yake. Vijana wengi wa mjini wameyaacha hayo na siwalaumu, lakini mama hakuwa ameyaacha, nami nisingemwachia ayashike peke yake. Kulala nyumbani kwa mkwe kulikuwa kwake kama kuvaa nguo ya kuazima: kila saa anajitazama asije akaichafua. Tulimpa chumba cha mbele, chenye dirisha linalofunguka barazani. Mimi nikawa mtu wa barazani.

Mke wangu anauza vitenge sokoni Mkuyuni, hutoka mapema. Wanafunzi wangu wengi huja alfajiri kabla ya kazi zao, au jioni. Basi kuanzia saa nne hadi saa tisa tulibaki wawili, ukuta kati yetu, na kuku mmoja aliyekuwa ameatamia chini ya benchi la barazani. Salamu tulipeana wenyewe. Lililozidi salamu lilipita kwa kuku.

"Kuku," ningesikia kutoka dirishani, "mwulize mkwe kama maji ya kunywa yamechemshwa."

"Kuku, mwambie mama yapo kwenye jagi la bluu, mkono wa kulia."

Kuku alitutazama tu, kila mmoja kwa jicho lake.

Mchezo aliuweka mke wangu, kwenye simu yake ya zamani, ili mama asishinde akihesabu mabati. Alimfundisha kwa nusu saa akachoka. "Baba watoto, wewe ndiye mwalimu," akaniambia, akaenda sokoni. Nikafundisha kwa njia ya kuku.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu ameuona. Ni mchezo wa bure, unaupakua, unaanza. Kwenye kioo kuna uwanja wa vyumba kumi na viwili, kama matuta ya bustani. Kila mchezaji ana fungu la kadi alizokusanya mwenyewe. Kila kadi ina picha, namba ya nguvu, na namba ya hatua inazoweza kutembea. Unazipanga uwanjani, zinasogea, na anayefikisha kadi yake kwenye mlango wa mwenzake ameshinda. Ukicheza sana unapewa kadi mpya. Ukiwa na haraka, unanunua. Hamwezi kusemezana humo ndani, isipokuwa kwa vijipicha vichache, kikiwemo cha kiboko anayecheka.

Mama hakusoma Kiingereza cha kwenye kadi, akazipa majina kwa sura zao: Nyati, Mpiga Mishale, Fisi, Kibibi. Kibibi alikuwa mwanamke mzee mwenye fimbo. Hatembei kabisa, ila kadi zinazosimama jirani yake zinaongezeka nguvu. Mama hakumpenda.

"Kuku, huyu hatembei ni wa nini? Mwambie mkwe nataka kumtoa."

"Kuku, mwambie mama asimtoe. Amweke akiba."

Tulianza kucheza sisi wawili, yeye kitandani, mimi kwenye benchi. Na hapa nilifanya kosa ambalo, naamini, mkwe yeyote wa kwetu angelifanya. Nilimwachia ashinde. Ningemshindaje mama aliyemzaa mke wangu, tena mguu uko juu ya mto? Nyati wangu akifika mlangoni kwake, namrudisha. Mpiga Mishale namweka mahali ambapo hawezi kumpata mtu. Wiki mbili nzima mama hakupoteza hata mechi moja, na nilimsikia akimwambia binti yake, "Mchezo wenu ni mwepesi mno. Hauna chumvi." Nikafurahi. Nikajiona mwalimu.

Kisha siku moja, nikiwa kazini, akabonyeza mahali pa kucheza na watu asiowajua. Akashindwa mechi kumi na moja mfululizo. Jioni alimwomba binti yake amwonyeshe mechi zetu za nyuma, kwa sababu mchezo huo huzihifadhi na unaweza kuzitazama upya. Mke wangu alinisimulia baadaye, ameshika kiuno.

"Alitazama nne. Akaniuliza, 'Nyati wa mumeo alikuwa mlangoni kwangu, akarudi. Nyati gani anarudi?'"

"Sasa?"

"Sasa amefunga mfuko wake. Anasema Jumamosi anaondoka."

Ilikuwa Jumatano. Daktari alikuwa amebakiza mwezi na nusu.

"Amekasirika?"

"Bora angekasirika. Anasema unaishi naye kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Anasema amekuwa mzigo, na mzigo hauambiwi, unajijua."

Usiku ule nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuku, na hakuna hata moja lililofaa. Nimkatazeje mama mkwe kwenda kwake?

Kesho yake, Alhamisi, nikakaa barazani kama kawaida. Kuku mwenyewe alikuwa ameshatotoa, yuko uani na vifaranga. Nikasikia kikohozi dirishani.

"Kuku," mama alisema, ingawa chini ya benchi yalikuwa yamebaki maganda tu, "simu imeziba. Mwulize mkwe haya maandishi yanasema nini." Mkono ukatoka kati ya nondo, umeshika simu.

Nikasoma. "Kuku, mwambie mama wanauliza ana maoni gani juu ya mchezo. Unatoa nyota, kuanzia moja hadi tano, halafu unaandika unavyoona."

"Wanaouliza ni akina nani?"

"Wenye mchezo. Walioutengeneza."

"Wananiuliza mimi?"

"Wanamwuliza kila anayecheza."

Akafikiri. Mama si mtu wa kusema wa kwanza mkutanoni. "Wenzangu wamesemaje?"

Nikafungua ukurasa wa maoni nikawa namsomea kwa Kiswahili. Wa kwanza alilalamika kwamba mwenye pesa ndiye anayepata kadi kali.

"Ni kweli?"

"Kiasi. Anazipata haraka. Mama naye atazipata, ila taratibu."

"Kama ng'ombe," akasema. "Wapo wanaonunua, wapo wanaozalisha. Mwingine."

Wa pili, kwa sababu alikuwa ameshindwa mara nyingi, alikuwa ametoa nyota moja na matusi, ambayo niliyapunguza nikimsomea mama.

"Huyo aliulipia?"

"Hapana, ni wa bure."

"Amekula bure, anamtukana mpishi. Mwingine."

Wa tatu aliandika mistari miwili. Alisema yuko mbali na kwao, anacheza na kaka yake kila siku, na siku ambayo hawana la kuambiana, wanacheza tu, basi anawashukuru.

"Huyo amelelewa," mama akasema. "Haya, mwambie mkwe aandike yangu."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno. "Habari zenu huko mliko. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mguu. Mchezo wenu ni mzuri, umenifaa kitandani. Wanyama mmewachora vizuri, ila fisi mmempendelea, fisi hana uso wa namna hiyo. Kasoro niliyoiona ni moja." Hapo nikangoja, kidole juu ya kioo. "Mtu akimwachia mwenzake ashinde, mchezo wenu haumsemi. Unamwambia yule mwingine umeshinda, unampigia na tarumbeta. Hiyo si haki. Mimi nimecheza na mkwe wangu wiki mbili. Ni mtu mwema. Tangu nifike kwake sijasikia sauti yake ikipanda, na maji ya kuoga nayakuta ya moto kabla sijayaomba. Lakini kwenye kadi amenifanya mgonjwa. Uliovunjika ni mguu. Kichwa hakijavunjika."

Nilimaliza kuandika. Upepo wa ziwani ulikuwa unapeperusha pazia la dirisha, na nilitazama chini ili nisione ndani.

"Mkwe," akasema. Hakumtaja kuku. "Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Hadi hilo la kichwa?"

"Nalo nimeliandika."

"Weka nyota tatu. Ya kwanza ni ya wanyama. Ya pili ni ya yule wa kaka yake, kanifurahisha. Ya tatu ni ya kunifundisha. Hiyo ni yako, lakini wapelekee wao, maana hawana mahali pa kuweka jina lako. Mbili nimezishika."

"Mama, nisamehe."

"Tuma hiyo kwanza. Halafu ucheze."

Nikatuma. Nikamrudishia simu kati ya nondo, nikachukua yangu, nikacheza kama ninavyocheza na watu wengine. Haikuchukua muda. Fisi akafungua njia, Nyati akaingia, mlango wake ukavunjika. Tarumbeta ikalia upande wangu. Nikakaa na simu mkononi nikisikiliza chumba, nikijiambia, basi, sasa ataondoka hata kabla ya Jumamosi.

Kwenye kioo akatokea kiboko anayecheka.

"Kumbe unajua," sauti ikasema. "Tena."

Nilimshinda mara nne mchana ule, na baada ya kila mechi alitaka nimweleze alipokosea. Nilimweleza. Nilichelewa hata kwa mwanafunzi wangu wa saa kumi, jambo ambalo si kawaida yangu. Mke wangu aliporudi alimkuta mama amefungua mfuko, kanga zimerudi juu ya kiti.

"Jumamosi huendi, mama?"

"Nitaendaje? Nina kazi hapa. Huyo mumeo anajivuna."

Alikaa mwezi na nusu wote uliobaki, na mazoezi ya hospitali hakukosa hata wiki moja. Hatukuanza kula pamoja, wala sikuanza kumkazia macho. Heshima ilibaki pale pale ilipokuwa, ila sasa ilikuwa na mlango. Wiki ya tatu tangu siku ile ya maoni alinishinda kihalali. Alikuwa amemweka Kibibi katikati ya uwanja tangu mwanzo, akawapanga Fisi wawili kulia na kushoto kwake, nami nikapita nikidhani ni kadi ya kujaza nafasi. Alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia uani kuuliza kama kuna posa.

Nimewahi kufikiri ni akina nani waliotengeneza mchezo ule. Sijui wanaishi wapi, na sina hakika kama kuna aliyeweza kusoma Kiswahili cha mama. Inawezekana walitaka nyota tu. Lakini walimwuliza mama mmoja mkulima anaonaje, wakamngoja ajibu, na kwa sababu hiyo nikasikia neno ambalo ndani ya nyumba yangu lisingepata njia. Tangu hapo, mwanafunzi wangu akipaki vibaya namwambia amepaki vibaya. Namwambia kwa upole, lakini namwambia. Siwezi kusema nilimlipa nini mama kwa somo hilo.

Alikuja kwa kivuko, akarudi kwa daraja jipya la ghuba, lililofunguliwa akiwa kwetu. Nilimwendesha mwenyewe, yeye na binti yake kiti cha nyuma, na katikati ya daraja akaniambia nipunguze mwendo aone maji. Tulipofika akashuka kwa mguu wake, fimbo mkononi, akaamuru niongeze nyota ya nne. "Ya tano bado," akasema. "Hiyo ni ya mguu."

Miezi imepita. Juzi nilikuwa nimeegesha gari Mabatini namsubiri mwanafunzi, simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Uko na nafasi ya kuandika?"

"Ninayo."

"Andika hivi: Habari zenu huko mliko. Jana nimepanda jabali, nimeanika michembe, nimeshuka. Weka ya tano." Nilisikia kuku wa kwake wakilia nyuma yake. "Ukimaliza, toa Nyati wako. Nimekaa nakusubiri."