Bi Muhuri Mbele ya Hakimu

Mtaani walimwita Bi Muhuri, kwa sababu bila muhuri wake wa mtafsiri karatasi ya Kifaransa haikuwa na maana yoyote mahakamani. Walidhani ni mwanamke jasiri. Kumbe maskini alikuwa mwoga wa kupindukia. Hata cheti cha kuzaliwa alikirudia kukisoma mara nne kabla ya kukigonga muhuri.

Siku hiyo mke wa dereva wa lori alikaa mbele yake, leso mkononi. Mumewe alikuwa mahabusu, na kesho yake hakimu angeamua kumwachia au kuzidi kumshikilia. Polisi wa nchi jirani walikuwa wameandika barua: lori kama lake lilionekana mahali mtu alipogongwa akafa. Mwishoni wakaongeza, "à toutes fins utiles". Neno kwa neno ni "kwa manufaa yoyote", lakini ukiyapeleka kwenye Kiingereza cha mahakama, huenda wanatoa taarifa tu, huenda wanaomba mtu achukuliwe hatua.

"Dada, andika lile litakalomtoa," mke akasema. "Wanangu kila saa wananiuliza baba yuko wapi."

Bi Muhuri akampigia simu karani wa polisi aliyeandika barua ile.

"Mlitaka ashikiliwe?"

"Mama, kusema kweli sijui. Barua zetu zote tunamalizia hivyo. Mimi nilinakili tu. Tafadhali, usinitaje."

Basi akayaacha maneno kwa Kifaransa, chini akaeleza maana zote mbili, akagonga muhuri. Mzigo umemtoka, waamue wenye kazi yao.

Alijidanganya. Asubuhi hakimu alisoma maelezo yale, akavua miwani.

"Mtafsiri yupo? Wewe ndiye unayekijua Kifaransa. Ungechagua ipi?"

Akisema hatua, watoto wale wataendelea kuuliza. Akisema taarifa, labda anamfungulia mlango muuaji. Mke wa dereva alikuwa amemkazia macho, hapepesi.

"Taarifa tu, mheshimiwa," akasema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua.

Hakimu akaamuru dereva aachiwe. Nje, dereva alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, Mungu akubariki. Umeniokoa."

Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: ulimgonga, au hukumgonga? Bi Muhuri akaogopa atakachojibiwa.

"Haya, nendeni salama," akasema.