Tuliambiwa Tunaota Moto

Mwezi wa pili mwaka 1976 nilikatwa titi la kushoto katika hospitali moja mjini Tabora. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo tulimzika wifi yangu Milembe, dada wa mume wangu, ambaye uvimbe wake ulianza kama wangu. Mimi nipo, yeye hayupo. Akina mama wa darasa letu la kisomo wamenitaka niandike nilivyopona. Naandika, lakini siwezi kuandika yangu nikaacha ya Milembe.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu mwenye nguvu. Tulihamia kijiji cha ujamaa upande wa Urambo, mimi na mume wangu Eliya na watoto wetu. Milembe, aliyekuwa mjane, akaja kukaa nasi. Shamba la kijiji lilikuwa la tumbaku. Majani yakishavunwa hufungwa kwenye fito na kutundikwa ndani ya bani, lile jengo refu la udongo la kukaushia. Moto huwashwa na kulindwa usiku na mchana, karibu juma zima. Joto likishuka majani yanaoza. Likizidi yanaungua.

Kwetu watu waliamini kwamba moto wa bani unamjua mtu. Mkono uliouanza ndio uumalize. Ukibadilisha mkono katikati, majani yanaharibika. Milembe na mimi tulisemwa kuwa na mkono mzuri, kwa sababu majani yetu yalitoka ya rangi ya limau. Sifa hiyo ndiyo iliyotufunga. Majani ya bani moja yakishashushwa tuliitwa kwenye jingine, msimu baada ya msimu.

Kukesha kwenyewe tungekuweza. Lakini kukesha hakukuhesabiwa kuwa kazi; katibu wa kijiji, aliyeandika siku za kazi za kila mtu, aliandika za jembe tu. Mwenyekiti wetu, Bwana Nkwabi, alisema mkutanoni kwamba mtu aliyekaa chini anaota moto hawezi kulinganishwa na mtu aliyeshika jembe. Watu walicheka, nasi tukacheka. Kwa hiyo asubuhi kengele ikigongwa tulikwenda shambani na wenzetu, na wasaidizi, ambao hawakuhesabiwa kuwa mkono, wakakaa na moto mpaka tunarudi. Tulilala tulipoweza, mgongo ukutani, kichwa kinadondoka. Nilikula ugali saa ambazo tumbo halikuutaka. Hedhi yangu ikavurugika. Mafua hayakuniacha. Nikijikwaa, kidonda kilikaa mguuni hata nikakisahau.

Uvimbe niliuona nikioga. Ulikuwa mgumu kama punje ya mahindi na hauumi. Nilikuwa nimemwachisha mtoto ziwa, nikadhani ni maziwa yaliyoganda. Milembe alinichanua titi kwa kitana kilichopashwa moto, kama tunavyofanya wote. Halikusikia. Tukafunga jani la tumbaku la moto juu yake, usiku hadi usiku, hukohuko kwenye bani. Msimu uliofuata ngozi ilikuwa imejikunja kama ganda la chungwa, na chuchu imezama ndani. Kisha ikatoa maji yenye damu, na nguo yangu ikanuka. Ndipo Eliya alipoipakia baiskeli nguo zangu, akanipeleka stesheni, tukapanda treni kwenda Tabora.

Daktari alinipapasa titi na kwapa. Alisema ni saratani, na kwamba titi halitabaki. Nilimuuliza kama nitaishi. Akasema atakata kwanza, kisha tutaona.

Kukatwa sikukusikia. Maumivu yalikuja baadaye. Kidonda kilikataa kufunga. Kilitoa usaha, nyuzi zikaachia, homa ikapanda. Usiku wodi nzima ilikoroma, mimi macho makavu. Kulipokucha ndipo nilipolala kama mfu, hata uji ukapoa pembeni yangu. Wauguzi wakamwambia daktari. Alikuja akaketi kitandani kwangu.

"Mama Sara, kwenu unalala saa ngapi?"

"Usiku silali, daktari. Nalinda bani."

"Na mchana?"

"Nalima."

Kisha akasema, "Sisemi kukesha ndiko kulikoleta saratani. Hilo silijui. Lakini mwili una majira yake, kama shamba. Usiku mtu anapolala ndipo mwili unapojitengeneza na kupigana na maradhi. Wewe umeunyima usiku na mchana pia. Kisu changu kimemaliza kazi yake. Iliyobaki tunautegemea usingizi."

Tangu siku hiyo hawakuniacha nilale mchana. Asubuhi walinitoa barazani nikae kwenye jua, nikililia usingizi na kuwachukia. Chakula kililetwa kwa saa zilezile. Jua likizama, taa ya upande wangu ilizimwa. Mwanzoni nililala macho gizani, nikifikiri moto unazimika. Polepole usingizi ukarudi mahali pake. Homa ikashuka. Nyama nyekundu ikaota pembezoni mwa kidonda, kikajifunga. Dawa za usaha zilifanya kazi yake, siwezi kuzinyima heshima. Ila nasema nilichokiona.

Niliporudi kijijini tumbaku ya mwisho ilikuwa bado inakaushwa. Milembe alikuwa ameshika moto peke yake muda wote. Tulikuwa watu wa utani, akanitazama kifua, akasema, "Wifi, umerudi nusu. Kaka yangu atadai nusu ya ng'ombe wake wa mahari." Nilicheka mpaka kovu likauma. Kisha akafungua kanga yake na kunishikisha titi lake. Punje ilikuwa pale.

Nilimwambia tuondoke kesho yake. Akakataa.

"Bani limewashwa juzi. Likishushwa nakwenda."

Liliposhushwa, jingine likawashwa. Eliya alikwenda kwa mwenyekiti kumwombea ruhusa dada yake. Bwana Nkwabi hakumfukuza wala hakumtukana. Alimkaribisha kiti, akamwambia, "Ndugu Eliya, mkono wa mkeo umeshatoka. Na huu ukitoka, jasho la kijiji kizima litaungua." Aliamini hivyo. Milembe naye aliamini hivyo, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Alikwenda hospitali tumbaku yote ilipokwisha kushushwa. Daktari yuleyule alimpima, akamwita Eliya nje. Ugonjwa ulikuwa umefika kwapani na kwenye mapafu. Walimrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Alikufa amekaa, kwa sababu akilala chali hakupata pumzi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Eliya ambaye hakunikimbia. Wenzangu, uvimbe usiouma msiuchanue kwa kitana. Nendeni hospitali ukiwa bado mdogo. Na usingizi wa usiku msiuone kuwa uvivu. Shukrani zangu zina uchungu ndani yake, nami sitaificha ladha hiyo ili niwafurahishe.

Kabla ya mabani kuwashwa msimu uliofuata, nilisimama mkutanoni. Nilisema sijui kilichomuua Milembe kilianzia wapi, ila najua kilichomchelewesha. Niliomba moto upokezanwe, aliyekesha alale mchana, na kukesha kuhesabiwe kazi. Wanaume walinung'unika kuhusu mikono na majani. Bwana Nkwabi akanyanyua mkono wakanyamaza. Akasema bani la kwanza atalilinda yeye mwenyewe usiku mmoja, ili wanakijiji waone kwamba hakuna kazi pale.

Alikesha. Asubuhi kengele ilipogongwa alikuwa amelala chali mlangoni pa bani, mdomo wazi. Hakuna aliyemwamsha. Tulimpita kimya, tukaenda shambani. Jioni katibu alimwandikia siku nzima ya kazi kwa usiku ule.