Gauni la Mama Elirehema la Kuvaa Melini

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ushonaji ya Ngarenaro, Fundi Mkuu hakunipa sindano. Alinipa tepu, akaniambia nimpime yeye mwenyewe. Nilipomaliza kiuno, akacheka.

"Binti, umenipima nimevuta pumzi. Huyo uliyempima mimi simjui. Mteja ashushe pumzi kwanza, ndipo upime."

Nilianzia kwenye ovaloki, yaani kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, nikapanda hadi meza ya kukata. Fundi Mkuu alipozeeka, mwanawe, tuliyemwita Meneja, akanikabidhi nguo za sherehe. Nikashona magauni ya maharusi na suti za wazee wa usharika, na hofu ya kukosea kipimo haikuniacha hata siku moja. Ninyi mafundi wa siku hizi mnaotumiwa vipimo kwa simu sijui mnalalaje.

Hofu kubwa kuliko zote aliniletea Mama Elirehema, mkulima wa kahawa na migomba kutoka huko mlimani Meru. Binti yake, nesi ughaibuni, alikuwa amemwalika safari ya meli ya watalii. Humo kuna usiku wa mavazi rasmi: wanawake magauni marefu, wanaume suti nyeusi. Asiyevaa hivyo haingii ukumbi mkubwa wa chakula.

"Wakinirudisha mlangoni, mwanangu ataficha wapi uso wake?" aliniuliza.

Alisimama kama anayepigwa picha ya pasipoti, tumbo ndani. Nikamuuliza habari za kahawa, za wajukuu, za kwaya. Alijibu yote, lakini pumzi hakushusha. Basi nikaongeza vidole viwili kila ubavu kwa kukisia.

Siku ya kujaribu, gauni lilimpwaya.

"Dada, si wataona nimeazima?"

Meneja akanivuta pembeni. "Mteja anataka libane. Libane."

"Bosi, huko melini atakula," nikamjibu.

Mama akaondoka na gauni lake, amenuna. Nami nikabaki na wasiwasi wangu. Kila nikifumba macho nilimwona amesimama mlangoni, wenzake wanampita wanaingia. Nilijilaumu, nikamlaumu na marehemu Fundi Mkuu.

Kisha picha ikaingia kwenye simu ya Meneja. Mama Elirehema alikuwa mezani na bintiye, kitenge mabegani, sahani tupu mbele yake, anacheka mdomo wazi. Gauni lilikuwa limemkaa sawasawa kiunoni. Nililia pale pale, mbele ya wateja.

Mwaka huu nimestaafu. Mabinti niliowafundisha wakataka kunishonea gauni la kuagwa. Nikasimama mbele ya kioo nikiwaza kesho nitaamka niende wapi, mikono hii itashika nini. Aliyeshika tepu akasubiri, akasubiri tena.

"Mama, hatuna haraka," akasema taratibu. "Shusha pumzi."

Nikajaribu, nikashindwa. Kiooni nikamwona akiongeza vidole viwili kila ubavu.