Siku Niliyomgeuzia Nadège Kurasa

Habari hii sipendi kuisimulia, na kama si Bahati kuisimulia vibaya kila akipata watu wawili wa kumsikiliza, ningeiacha izikwe nami. Lakini yeye anaongeza chumvi (anasema nilivutwa miguu kutoka chini ya piano, uongo, nilitoka mwenyewe), basi afadhali niiseme mimi niliyejiaibisha, ili aibu yenyewe iwe ya kweli.

Mnanijua. Nilitoka Bukavu nikapita Bujumbura, nikakaa Kigoma, nikauza chumvi Tunduma, nikauza simu kuukuu Karonga, hadi miguu ikanifikisha hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na huu ni mwaka wa tisa. Mtu aliyehamahama hivyo hana mali ila maneno, na maneno yangu mimi ni parokia yetu ya Bukavu, harmoniamu ya padri mzee, na mimi kijana wa shati jeupe nimesimama kando yake namgeuzia kurasa kila Jumapili. Kwaya yetu imeisikia hadithi hiyo mara nyingi mno, mpaka Bahati, fundi cherehani anayetuimbia besi, akiniona tu navuta pumzi anasema, "Bandugu, mukae, harmoniamu inakuja."

Jambo moja tu sikuwahi kulisema. Nota sikuzijua. Do-re-mi iliyoandikwa kwa herufi naisoma vizuri, lakini vile viluwiluwi vyeusi vinavyoning'inia kwenye mistari mitano sikufundishwa na mtu. Padri alikuwa akitikisa kichwa, mimi nageuza. Anatikisa, nageuza. Kwa miaka minne nilichokisoma ni kichwa cha padri.

Sasa, Ijumaa moja kambini alikuja Nadège. Ni binti wa Bukavu, alipelekwa Ulaya akiwa mdogo, na huko piano ndiyo kazi yake, ile ya kumbi kubwa ambako watu hukaa kimya kama kanisani. Alikuwa na konseri Lilongwe siku ya pili yake, akaona aje kwanza kutusalimia, kwa sababu shangazi yake aliwahi kuimba nasi kabla hajapata kwenda Kanada. Sisi tulitarajia tajiri. Alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kukodi, viatu vimejaa vumbi, akakaa kwenye benchi pamoja na masoprano, akala nsima yetu kwa mkono. Mama mmoja akamuuliza kama kule wanamlipa vizuri, akacheka.

"Mama, mi niko na valizi tu ya nguo," alisema. "Asubuhi hadi magaribi nafundisha batoto ba benyewe gamu, ile do-re-mi ya kupanda na kushuka, halafu nasafiri napiga, halafu narudi kufundisha. Batu banaona nguo ya kung'aa na maua. Habaoni ile treni ya saa kumi ya asubuhi."

Kisha akatueleza shida iliyomkuta. Wapiga piano wa siku hizi hawabebi makaratasi. Wanaweka tableti mbele yao na pedali ndogo sakafuni, wanakanyaga, ukurasa unageuka wenyewe. Yake iliungua katika nyumba aliyofikia Lilongwe, mtaa wa Area 23, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, basi. Alikuwa ameenda dukani kuchapisha nota zote kwenye karatasi, moja moja, akaziunganisha kwa selotepu.

"Nahitaji mutu mumoja tu wa kugeuza," alisema. "Mwenye kusoma nota vizuri. Iko mutu hapa?"

Kwaya nzima iligeuza shingo ikaniangalia.

"Papa Deo," Bahati akasema, "siku yako njo hii. Ama ile harmoniamu ilikuwa ya kuota?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema, hapana, mi najua herufi tu, wangecheka dakika mbili, tungemaliza chakula na kila mtu angeenda kwake. Badala yake nilikohoa kidogo, kama mtu mwenye kazi nyingi anayefikiria kama atapata nafasi, nikasema, "Ma fille, binti yangu, hiyo ni kazi yangu ya zamani."

Alinishika mikono yote miwili. Na akiwa bado amenishika akaniambia kwa nini ilikuwa muhimu hivyo, na ningekuwa na akili ningekiri pale pale. Kulikuwa na tamasha moja kubwa huko Ulaya linalochagua wapiga piano wachache na kuwazungusha kwenye kumbi mwaka mzima. Walitaka apeleke rekodi moja, iliyopigwa mbele ya watu, bila kukatwa popote. Mwisho wa kupeleka ulikuwa Jumatatu. "Na mwaka kesho nitakuwa nimepita umri," alisema. "Hii njo ya mwisho, Papa Deo. Wakinichukua, nitakuwa mupiga piano. Wakikataa, nitabaki mwalimu anayepiga piano."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo.

Jumamosi kwaya yote ilienda Lilongwe na barua za ruhusa ya kutoka kambini mfukoni, mimi nimevaa koti la mteja wa Bahati (mteja hajui mpaka leo). Ukumbi ulikuwa wa shule moja, una feni darini na piano ndefu nyeusi iliyofunguliwa kifuniko kama boneti ya gari. Tulifanya mazoezi dakika kumi tu, watu walikuwa wameshaanza kuingia. Akanionyesha: simama kushoto kwangu, shika kona ya juu, nikifika katikati ya mstari wa mwisho, geuza. "Bien sûr, bila shaka," nikasema. Akapiga wimbo wa polepole, akainua kidevu, mimi nikageuza, na kwa rehema za Mungu pakawa ndipo penyewe.

"Parfait," akasema, yaani barabara kabisa. Neno hilo moja lilinimaliza, maana nilijiambia: kumbe vichwa vyote duniani ni kimoja.

Kipande cha kwanza cha konseri kilipita salama. Cha pili ndicho kilichokuwa cha rekodi. Kilikuwa kipya kabisa, ametungiwa yeye, hakijakaa bado kichwani mwake, na hakikuwa na wimbo ambao mtu angeweza kuushika ili ajue tumefika wapi. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya mabati. Na Nadège hapigi kama padri mzee. Nadège anapiga kwa mabega, kwa kiuno, kwa shingo. Alitikisa kichwa, nikageuza. Akatikisa tena, nikageuza. Akatikisa mara tatu mfululizo na mimi hapo nikawa kama mtu anayepepeta mchele.

"Non," alisema bila kuacha kupiga, akaondoa mkono wa kushoto akarudisha kurasa mwenyewe.

Nikakaa kwenye kiti nilichowekewa kando yake nikabana mikono katikati ya magoti. Akatikisa. Nikajizuia. Akatikisa kwa nguvu zaidi, nikasema moyoni, hii sasa ni ya kweli, mtu hawezi kutikisa hivi bure. Nikalamba kidole, nikageuza mbili kwa pamoja.

"Nyuma," akasema kwa meno.

"Nyuma kiasi gani, ma fille?" nikauliza, na maikrofoni ya rekodi ilikuwa mbele yangu, karibu kama hivi.

Nikazivuta kurasa, selotepu ikaachia, feni ikafanya kazi yake, na karatasi zikashuka moja moja hadi chini ya piano. Mtu mwingine angeziacha. Mimi nilipiga magoti mbele ya ukumbi mzima nikaingia kule chini nikitambaa, nikaanza kuziokota kati ya viatu vya Nadège, naye juu anaendelea na yale machache anayoyakumbuka. Nikapata ukurasa ambao nilidhani ndio wenyewe (sijui kwa nini nilidhani, yote kwangu ni sawa), nikainuka kumpa, nikagonga tumbo la piano kwa kisogo. Mguu wake ulikuwa umekanyaga pedali ya piano yenyewe, kwa hiyo nyaya zote ziliitikia pamoja, sauti moja nzito kama kengele ya msiba, na ikakaa ukumbini, haiishi.

Nadège akaacha kupiga. Hapo nikasikia, kutoka safu ya kwaya yetu, ile besi ya Bahati, polepole, bila hasira:

"Papa Deo, toka huko."

Ndipo watu wakacheka. Hata wazungu ambao hawakuelewa walicheka.

Nilipotoka na karatasi kifuani, Nadège aliinama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Papa Deo, kweli unasoma?" Mnaona, nilipewa nafasi ya pili. Watu wengi hawapewi. Nami nikasema, "Ni macho, ma fille. Siku hizi hayaoni karibu."

Akaniangalia, uso wake ukalainika. "Pole, papa. Enda ukae."

Akawaambia watu kwa Kiingereza kwamba anaanza upya. Alipiga yote tangu mwanzo, akijigeuzia, na kila akigeuza mkono mmoja uliacha piano, na hata mimi nisiyejua nota nilisikia mashimo. Kila shimo nililijua ni langu. Mwisho watu walisimama kupiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa.

Miezi ikapita. Siku moja sista mmoja wa misheni ya Likuni aliyekuwa kwenye konseri alituma kifurushi kambini, kimetoka Ulaya, kina jina langu. Ndani mlikuwa na miwani ya kusomea, mizuri, kwenye kasha lake, na karatasi: "Papa Deo, hawakunichukua, lakini nilipeleka. Hii ni ya macho yako. Usiache muziki sababu ya macho."

Niliivaa, dunia ikawa ukungu. Mke wangu akasema inanipendeza.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nilimrekodia ujumbe wa sauti nikaufuta, nikarekodi nikaufuta, mpaka mara ya nne nikamwambia yote, herufi, padri, kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Jibu lilikuja jioni, sauti imechoka kidogo, haina ukali.

"Papa Deo, ilikuwa hiyo tu? Ungeniambia ile Ijumaa, ningezibandika kwenye karto, karatasi ngumu, usiku ule, nipange pa kutoa mkono, nipige mwenyewe. Nimeshafanya hivyo mara nyingi. Sisi tusio na batu njo tunafanya hivyo." Kisha akaongeza: "Nilikuamini, nikalala."

Huo ujumbe bado ninao kwenye simu, sijauchezesha tena. Sasa mtu akiniuliza kitu nisichokijua nasema sijui, na ninalisema haraka, kabla watu hawajanigeukia.