Ushuhuda wa Bunduki ya Baba Diane

Baba Diane angenyamaza tu Jumapili ile, leo tungekuwa tunakunywa chai yetu kwa amani. Lakini alipewa kipaza sauti kanisani, na yule bwana akishashika kipaza sauti, kukirudisha ni kazi.

Jina lake hasa ni Léonidas. Anaendesha foklifti kwenye ghala moja kule Tumba, upande mwingine kabisa wa Stockholm. Mkewe ni Gaudiose, sote tunamwita Mama Diane, na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Hapa Hjulsta tunakaa ngazi moja, mlango wao na wangu inatazamana. Wao ni Warundi, mimi Phiona ni Mganda, na tunakutana kwenye Kiswahili, changu kikiwa na makosa ambayo sitaki mtu anisahihishe.

Sasa, Baba Diane ana rafiki wa kazini, Mswidi anayeitwa Anton, na huyo ndiye aliyempeleka msituni mara ya kwanza kuwinda. Basi akanogewa. Akasoma, akafanya mtihani wa wawindaji, akapata kibali cha polisi. Kisha ikatoka bunduki mpya, ya masafa marefu, na wawindaji wa nchi hii wakapata wazimu. Ati inalenga mbali kuliko zote za bei yake, na haikosei. Dukani zikiingia chache zinaisha siku hiyohiyo. Foleni ni ya mwaka mzima, na ukiikuta ya mkononi, iliyokwisha tumika, inauzwa karibu mara mbili ya mpya. Mimi nilimwuliza Baba Diane ni biashara gani hiyo, kitu kikuukuu kukipita bei kipya. Akasema mtu anayeitaka leo hawezi kungoja mwakani.

Yeye alingoja. Kisha mtu aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akanyimwa kibali, na simu ya duka ikamlilia Baba Diane.

Siku bunduki ilipoingia ndani, Mama Diane alikuja kwangu akakaa jikoni, hakutaka hata kuvua koti. Alikimbia Burundi akiwa mtoto, na kaka zake wawili waliuawa kwa bunduki mbele ya macho yake. Mumewe alinunua kabati la chuma, akalifunga kwa skrubu chumbani, na kwa sheria za huku mwenye kibali peke yake ndiye ajue ufunguo uko wapi. Mama Diane aliishika sheria hiyo kwa mikono miwili. Alimwambia mumewe, "Usiniambie ufunguo uko wapi. Hata nikikuomba, usiniambie."

Mimi nilidhani hofu yake itapoa. Ndipo ikaja hiyo Jumapili ya ushuhuda. Kwetu mtu akipona, akipata makaratasi, akipata kazi, husimama mbele akamshukuru Mungu, na ibada inarushwa mtandaoni ili ndugu zetu walioko Bujumbura na Kampala watuone. Baba Diane akasimama na suti yake ya kijivu, anang'aa uso mzima.

"Bwana asifiwe," akasema. "Bunduki ambayo Waswidi wenyewe wanaisubiri mwaka mzima, Mungu amempa mkimbizi. Na sasa hivi iko nyumbani kwangu, Hjulsta."

Watu wakaitikia amina, wengine wakapiga vigelegele. Mama Diane alikuwa amekaa karibu nami na hakupiga hata kofi. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi.

Wiki ileile simu zikaanza. Namba zisizojulikana, mtu anapiga, anasikiliza, anakata. Ndugu Egide, mzee wetu wa kanisa, akaja kuuliza kwa upole kama Baba Diane angeiuza, kwa sababu kuna kijana amemwuliza naye hakumfahamu vizuri. Hakumfahamu vizuri! Mimi nilimwambia asirudi na salamu za watu asiowajua. Mtaani kwetu tumeshasikia milio ya risasi, tunajua ni watu wa aina gani wanaotafuta silaha bila kibali. Mama Diane akaacha kulala. Kila mlango wa chini ukibamizwa, anainuka kutazama dirishani.

Mwishowe akamwambia mumewe kwamba ama bunduki itoke, ama yeye na mtoto watatoka. Baba Diane alilia, namhurumia, alikuwa ameitamani mno. Akairudisha dukani, akapewa pesa zake zilezile alizotoa, wala hakutaka zaidi. Mwenye duka alimkodolea macho, kisha akampigia anayefuata kwenye foleni, na jioni ile ikawa imeshachukuliwa.

Nikafikiri yamekwisha. Tena mimi mwenyewe nilimsukuma Baba Diane asimame kanisani kwa mara ya pili, aseme kwamba bunduki haiko tena kwake. Akasema. Watu walicheka. Egide akanisogelea na kuninong'oneza kwamba Baba Diane amekuwa na akili sasa, kwani mwenye kitu kama kile lazima aseme hana. Nikamjibu kwamba kweli hana. Akanikonyeza.

Hapo ndipo mimi pia nilianza kuogopa, nasema ukweli. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango kwa mnyororo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nihamie.

Jumamosi moja nilikuwa kwa Mama Diane namsuka, mumewe yuko kazini Tumba, Diane kaenda kwa rafiki zake. Kengele ikalia. Hatukujibu. Milango ya huku ina tundu la barua katikati, lenye kifuniko cha bati, na tukakiona kile kifuniko kikiinuka polepole.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya kijana, kwa Kiswahili safi, kwa adabu zote.

"Marahaba," Mama Diane akaitikia. Mdomo ulijibu wenyewe, maskini.

Kijana akasema wamekuja kwa habari ya ile bunduki, watalipa vizuri, hakuna haja ya kugombana. Mama Diane akamwambia imerudishwa dukani. Huko nje wakacheka wawili au watatu.

"Mama, ile hairudishwi," akasema. "Watu wanaililia. Tufungulie kabati tuone. Likiwa tupu, tunaondoka."

Na kabati lilikuwa limefungwa. Baba Diane, kwa mazoea yake, alilifunga hata lilipokuwa tupu, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe, au kauweka anapojua yeye. Mama Diane akaapa kwamba hajui ulipo. Yule kijana akasema basi watamngoja mwenye ufunguo. Tukasikia wanakaa kwenye ngazi.

Nilitoa simu yangu, Mama Diane akainyakua akapiga polisi kwa Kiswidi cha kunong'ona, kisha akampigia mumewe asithubutu kupanda treni. Polisi walipofika ngazi ilikuwa tupu. Waliandika, wakatuuliza sura zao, tukasema tumesikia sauti tu. Wakaahidi kupitapita.

Usiku ule Baba Diane alilifungua lile kabati, akang'oa skrubu, tukalikokota sote hadi kwenye korido ya ndani. Tukalisimamisha likitazamana na mlango, limeachwa wazi kabisa, taa inawaka juu yake mchana na usiku. Yeyote atakayeinua kile kifuniko ataona mwenyewe kwamba halina kitu. Wazo lilikuwa la Mama Diane, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimwona akila chakula akamaliza.

Tangu hapo kila Jumamosi nashinda naye mumewe akiwa kazini. Jana tulikuwa tunachambua maharage kwenye korido, chini ya ile taa. Kengele haikulia. Kifuniko kiliinuka tu, kikakaa juu muda mrefu, na sisi tukaganda na maharage mkononi. Nilisema moyoni, tazama baba, tazama vizuri, shiba, uende zako.

"Ahsante, mama, tumeona," ikasema sauti ileile. "Sasa, mmeihamishia wapi?"

Mama Diane alikaa chini palepale kwenye korido, akaegemea kabati, akanishika mkono asiniachie.