Pima Gari na Muzigo Yake

Mwana wangu, mupaka leo nakumbuka ile siku kaka yangu Kasongo alikata tôle, ile bati ya nyumba, akaifunga mbele ya kamionete ya baba. Ilikuwa wakati ya Zaïre, bantu banaitana "citoyen", ndiyo mwananchi, mu barabara, na essence, mafuta ya gari, ni ya kutafuta kama dawa. Baba alikuwa anabebaka makala, makaa ya kupikia, kutoka njia ya Kipushi kuleta hapa Lubumbashi. Kama kamionete hailete makala, hatukule.

Kasongo alisema: "Upepo ndio inakula essence yetu. Nitapatia gari pua ya kuchongoka." Akaizungusha tupu ku barabara, ikakimbia vizuri sana. Miye nilipiga vigelegele kama ku ndoa.

Kesho yake tukajaza mifuko ya makala mupaka juu ya kabine, na juu ya mifuko tukaweka kitanda ya shangazi na kuku, kama siku zote. Ku kilima, gari ikazima. Essence imekwisha, na pua yetu ya muzuri! Tukasukuma. Baba hakupiga kelele. Alisema tu: "Kasongo, ulipima gari yenye njaa. Gari yetu iko na tumbo."

Sasa mujukuu wangu Mado, ule ananiita Kambo, iko ku université, anapima magari ndani ya ordinatère, ile kompyuta. Anachora sura ya gari, mashini inapitisha upepo ya hesabu juu yake. Pale upepo inateleza, iko buluu. Pale inavuta gari, nyekundu. Miye shule niliacha mapema, lakini macho niko nayo. Ile wiki alipashwa kusimama mbele ya profesa kuonyesha kazi yake, akaniletea sura ya gari laini kama yai.

"Kambo, angalia, upepo haina pa kushika!"

"Iko muzuri. Na mifuko iko wapi?"

"Mifuko gani?"

"Weye muzaliwa wa Lubumbashi unaniuliza mifuko gani?"

Akaweka mifuko. Nyekundu ikajaa. Machozi ikamutoka: "Kambo, umeniharibia kazi!" Nikamwambia: "Usifute. Angalia nyekundu inakaa wapi."

Ilikaa nyuma! Pale mifuko inakatika kama ukuta, upepo inazunguka na kuvuta gari. Miye na Kasongo tulihangaika na pua, kumbe shida ilikuwa ku matako. Mado akapanga mifuko ingine, ikishuka polepole nyuma, akaifunika na bâche, ile turubai. Akajaribu, akakosea, akajaribu tena, na hakuna muntu alisukuma gari. Nyekundu ikapungua. Profesa alipouliza sababu ya mifuko, akamujibu: "Kwetu gari inabebaka muzigo." Bakamupigia mikono. Na miye nilikuwa pale, nimejifunga kikwembe ya mupya!

Basi mwana wangu, kitu unatengeneza, kipime vile bantu batakitumia, na makala, na kuku, na kitanda ya shangazi. Nyekundu isikuogopeshe, ndiyo inakuonyesha pa kushika kazi. Mungu akufungulie barabara, upepo ikupite pembeni, ufike na muzigo yako yote, hata kuku mumoja asianguke.