Mama Mapazia na Safari Thelathini na Sita

Katika mtaa wetu, mtu anayeulizia nyumba ya Mama Mapazia haelekezwi kwa namba. Huambiwa afuate mlio wa cherehani. Mwanamke huyu ameshona mapazia kwa miaka ishirini na sita katika chumba cha mbele cha nyumba yake, juu ya meza ndefu aliyoichonga mwenyewe kutokana na mlango wa zamani. Hata tundu la kitasa bado lipo, na humo huingiza mikasi ili isipotee. Si msemaji. Akiulizwa jambo hunyamaza kwanza, kama anayetafuta ncha ya uzi, kisha hujibu mara moja na jibu hilo huwa limetosha.

Mama yake mzazi, ambaye alikuwa akiishi naye, alipigwa na kiharusi upande wa kushoto. Alipotoka hospitali aliagizwa kufanya mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi na mbili, bila kuruka hata siku moja. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, juu ya kilima, na mgonjwa asiyeweza kusimama dakika tano hapandi basi. Hapo ndipo kaka mkubwa alipoingia katika shauri.

Kaka huyu, ambaye jamaa wote humwita Dereva, aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini. Sasa amestaafu na anaishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa, jirani na hospitali kubwa. Alitaka kumchukua mama yao. Hakuwa na nia mbaya. Chumba alikwisha kukipaka rangi, na godoro jipya alikwisha kulinunua. Lakini mama hakutaka kwenda. Alisema kwamba katika nyumba ya mkwewe angekuwa mgeni kila siku, na mgeni wa kila siku huchoka kushukuru. Mama Mapazia akasema atanunua gari dogo na kumpeleka mama kliniki yeye mwenyewe.

Dereva alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Alimweleza mdogo wake kwamba kununua gari lililokwisha kutumika ni kununua maradhi ya mtu mwingine, na kwamba yeye anajua nyuzi, hajui injini. Mwishowe wakakubaliana.

"Safari thelathini na sita," alisema Dereva. "Ikikosekana moja tu kwa sababu ya hicho kigari chako, nakuja kumchukua Mama, na hakuna maneno tena."

"Sawa, Kaka," alijibu Mama Mapazia.

Aliuza cherehani yake ya pili, ile ya kudarizi, akaenda kwenye yadi ya magari akiwa na utepe wa kupimia shingoni. Muuzaji alimwonyesha magari yanayong'aa. Mama Mapazia hakuyatazama yalivyong'aa. Alifungua mlango wa mbele wa kila gari, akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti, akasogea kwenye gari jingine. Muuzaji alistahimili matatu ya kwanza.

"Mama, samahani," alisema, "hili ni gari, si suruali."

"Ndiyo, mwanangu. Na atakayelivaa nimemwacha nyumbani."

Asubuhi ile alikuwa amempima mama yake kutoka kwenye unyayo hadi gotini: sentimita arobaini na sita. Mtu mwenye mguu dhaifu huhitaji kiti kilichozidi goti lake kidogo. Kikiwa chini atazama, kikiwa juu atakuwa anapanda ukuta. Magari ya kifahari yalikuwa chini mno na yale ya safari yalikuwa juu mno. Dogo moja, lenye rangi ya chai iliyozidi maziwa na umri wa miaka kumi na minne, lilikuwa na sentimita hamsini na moja. Mlango wake wa nyuma ulifunguka kwenda juu, na viti vya nyuma vililala, hivyo kwamba fimbo ndefu za mapazia zingeingia bila kukatwa.

Aliweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anavyompapasa mtoto paji la uso kujua kama ana homa. Palikuwa na joto.

"Limewashwa leo?"

"Tumelichangamsha kidogo tu, mama."

"Basi nitarudi kesho. Msilichangamshe."

Alikuwa amesikia kwamba gari lenye hila huwashwa kabla mnunuzi hajafika, ili ugumu wake wa kuamka usionekane. Alirudi kesho yake pamoja na fundi wa mtaani kwetu aitwaye Bingwa, wakalikuta limepoa. Liliwaka kwa mara ya kwanza. Bingwa akalala chini yake, akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akaliendesha kwenye barabara mbovu akiwa amezima redio ili asikie miguu yake. Alisema ni gari lililochoka ngozi, si mifupa. Wakalinunua.

Tangu siku hiyo, kabla ya kukaa kwenye cherehani, Mama Mapazia alilitengea gari robo saa. Kila jioni alitandika kipande cha boksi chini ya injini, na asubuhi alikisoma kama kuna tone, ni la rangi gani, na limeangukia wapi. Alipangusa kijiti cha oili kwa masalia ya bitana. Kwenye chupa ya maji ya akiba ya rejeta, yale yanayopoza injini, alichora mstari kwa chaki ya kushonea, ili ajue kama maji yamepungua hata kwa unene wa kucha. Jirani anayeuza maziwa alimwambia kwamba bado kulibeba mgongoni tu. Yeye akajibu kwamba angelibeba, ila ni zito kuliko mtoto wake wa mwisho.

Safari zikaenda. Kwenye kadi ya kliniki mihuri ikapangana: mitano, kumi, kumi na nane. Mama alianza kukunja vidole vya mkono wa kushoto. Siku ambazo hakukuwa na mazoezi, viti vya nyuma vililazwa na mapazia yakapelekwa kwa wenyewe.

Katika wiki ya saba mstari wa chaki ukabaki juu, na maji yakashuka chini yake kwa upana wa kidole. Mama Mapazia akajaza. Siku mbili baadaye yakashuka tena. Boksi la chini lilikuwa kavu kabisa. Ijumaa, katika safari ya ishirini na moja, wakiwa katikati ya mlima, mshale wa joto ulianza kupanda. Alifungua vioo vyote, kisha akawasha kipasha joto cha ndani hadi mwisho, kwa maana alikuwa ameambiwa na Bingwa kwamba hewa hiyo hunyonya joto la injini. Mama yake, aliyefunga kitambaa kizito kichwani, alivumilia kwa mwendo wa nguzo tatu za umeme.

"Mwanangu, unanipika?"

"Kidogo tu, Mama, ili gari lisiungue."

"Haya. Ukiona nimeiva, uniambie."

Wakafika, mama akafanya mazoezi yake, wakarudi polepole. Bingwa alipofungua boneti jioni ile hakuchukua muda. Alisema gasketi ya kichwa cha injini imekwisha, injini inakunywa maji, lazima ifunguliwe yote na kichwa kipelekwe kusawazishwa. Siku tano, pengine sita. Mazoezi yaliyofuata yalikuwa Jumatatu.

Habari ilimfikia Dereva kabla ya usiku kuingia, kwa kuwa mama yao alimsimulia kwenye simu, kwa furaha tele, jinsi alivyopikwa mlimani. Dereva akampigia mdogo wake. Safari hii hakucheka, na hilo lilimuuma Mama Mapazia kuliko kicheko. Alimwambia kwamba amejitahidi vya kutosha, asione aibu, na kwamba Jumatatu asubuhi yeye ataondoka huko kuja kumchukua mama. Katika chumba cha pili mama alikuwa amekaa kitandani, na simu ilikuwa na sauti kubwa. Alisikia yote. Alianza kukunja kanga zake kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, kama anayefunga safari.

Mama Mapazia aliziona zile kanga. Jumamosi alikwenda kwa Bingwa na kumuuliza maswali mawili. Kama injini inakunywa maji, mbona haitoi moshi mweupe? Na mbona oili haijageuka kuwa kama maziwa? Bingwa alijibu kwamba yeye ndiye aliyesomea ufundi.

"Mimi sibishani na wewe, Bingwa," alisema. "Naomba usilifungue mpaka kesho jioni. Nikishindwa, ni lako."

Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, alilikausha kila bomba kwa vitambaa. Kisha akasaga chaki zake nyeupe katika kinu kidogo mpaka zikawa unga laini, akachukua brashi, akapaka unga huo kwenye kila kiungo ambapo maji yangeweza kupita: kwenye vibano vya mabomba, kwenye pampu, kwenye mishono ya rejeta na kuzunguka shingo yake. Injini ikawa kama mtu aliyejipaka poda. Aliliendesha hadi mlimani na kurudi, akafungua boneti, akainama na tochi.

Mabomba yote yalikuwa meupe na makavu. Pampu ilikuwa nyeupe. Chini ya kifuniko cha rejeta tu, unga ulikuwa umegeuka tope na kuacha mchirizi mwembamba. Alipotazama vizuri aliona kwamba hata chini ya unga ule palikuwa na duara la ukoko wa kijani, la zamani, lililokaukia pale. Alilitambua mara moja, kwa sababu alikwisha kuona maelfu yake alipokuwa akishona viraka vya mashati, kabla ya mapazia. Lilikuwa kama ukoko wa jasho kwenye ukosi wa shati. Shati halianzi kuchakaa mgongoni, ambako kila mtu hutazama; huanza kuchakaa shingoni.

Alisubiri kwa muda wa saa mbili injini ipoe, kwa maana kifuniko cha moto kikifunguliwa huunguza uso. Alipokifungua alikuta mpira wake umekauka na kupasuka, na upande mmoja umemeguka kama umeng'atwa na panya. Mvuke ulikuwa ukitoka pale wakati wa mwendo tu na kukauka juu ya chuma cha moto. Ndiyo maana boksi halikuambulia hata tone.

Duka la kwanza la spea lilimpa kifuniko, na muuzaji akamhakikishia kwamba kinaingia. Mama Mapazia akalinganisha namba zilizogongwa juu, akaona si sawa, akakirudisha. Alimwambia kwamba hata kiatu cha mtu mwingine huingia. La pili lilikuwa limefungwa. La tatu lilikuwa na chenyewe hasa, namba kwa namba. Saa kumi na moja jioni alikuwa amejaza maji, amepanda mlima mara mbili na kushuka, na mshale haukutikisika. Bingwa, aliyeketi kiti cha pembeni mara ya pili, hakuondoa macho kwenye mshale mpaka walipofika chini.

"Akili ni nywele," alisema hatimaye. "Ningekufungulia injini nzima, kumbe tatizo ni kofia. Usiwaambie wateja wangu."

"Nitawaambia kwamba ulikubali kusubiri," alijibu Mama Mapazia. "Si kila fundi hukubali."

Kisha akampigia kaka yake na kumwambia asisafiri kesho. Aje siku ya thelathini na sita. Alipoingia chumbani kwa mama, akazichukua zile kanga na kuzirudisha kabatini.

Dereva alikuja siku hiyo, Ijumaa, na gari lake refu lenye magurudumu makubwa. Alifika mchana, akakuta wawili hao wamekwenda kliniki, akaketi barazani na ufunguo mkononi. Gari dogo lilipoingia uani alisimama ili amsaidie mama yake kushuka. Mama Mapazia akamshika shati.

"Mwache."

Mama akafungua mlango mwenyewe. Akageuka, akatoa mguu wa kulia, akauinua wa kushoto kwa mkono na kuuweka kando ya mwenzake, akashika ukingo wa mlango. Akasimama. Ilichukua muda wa kuhesabu hadi ishirini.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Nipeni fimbo yangu, mfunge mlango. Vumbi linaingia."

Dereva aliomba kadi ya kliniki. Alihesabu mihuri mara mbili, ya pili kwa kidole. Baadaye alikwenda kwenye gari lake, akateremsha lile godoro jipya, akalibeba kichwani na kulipeleka chumbani kwa mama yake bila kuulizwa.

"Umenishinda, mdogo wangu," alisema alipotoka.

"Sikuwa nashindana na wewe, Kaka."

"Mimi nilikuwa nashindana."

Asubuhi ya Jumamosi mama alitangaza kwamba amechoka kuona watu wenye makoti meupe, na kwamba anataka kwenda kumwona shoga yake wa tangu ujana, ambaye hakuwa ameonana naye tangu apigwe na kiharusi. Dereva akawahi kufungua mlango wa gari lake. Mama alikitazama kiti kilivyokuwa juu, akamshukuru mwanawe kwa upole, akaenda kuketi mbele katika gari dogo. Basi aliyeendesha malori kwa miaka thelathini akajikunja kiti cha nyuma, magoti yakiwa karibu na kidevu, na mzigo wa mapazia umemlalia begani, wala hakulalamika.

Yule shoga alisikia mlio wa gari, akatoka mbio mlangoni, na alipomwona aliyemo aliinua mikono kuja kumpokea.

"Kaa hapo hapo," mama akamwambia, akifungua mlango. "Nakuja mwenyewe."